Kaburi Ambalo Sikulichimba

Chonyonyo, Karagwe
Jioni ya kuamkia safari yako

Kemilembe, mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Kihanga kumuaga shangazi yako, nami nimesingizia goti ili nibaki. Goti haliumi. Nilihitaji nyumba iwe kimya, maana ninalotaka kukuambia nimejaribu kulisema kwa mdomo mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umeshapaki sweta. Ukanicheka, ukasema, "Baba, Masasi ni joto, sweta ya nini?" Nami nikacheka na wewe.

Mambo ya chandarua, ya kuripoti kazini kwa wakati, ya kutomwachia mtu usiyemjua begi lako njiani, mama yako ameshayasema na atayarudia mpaka mlango wa basi pale Omurushaka. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, ni baya, na linanihusu mimi.

Jana kwenye sherehe ya kukuaga ulisimama ukashukuru watu. Ulisema unakwenda kuuguza watu usiowajua, wenye lugha usiyoijua, lakini huna hofu kwa sababu umefundishwa utu na baba yako. Ukaeleza kwamba ulipokuwa darasa la nne rafiki yako Jovin alifariki, kijiji kikamtenga baba yake, hakuna aliyetaka kumsaidia kuzika, na baba yako peke yake ndiye aliyechukua jembe akaingia kuchimba kaburi pamoja naye. Ukasema, "Kila mgonjwa atakayeletwa mbele yangu, nitaikumbuka siku ile."

Watu wakanyamaza. Nilikuona ukifuta machozi, nikajua unadhani wameguswa. Hawakuguswa, mama. Waliona aibu. Mzee Byabato alikuwa anatazama sahani yake kana kwamba ndizi zimeanza kuongea. Mama yako akainuka akaenda jikoni bila haja yoyote. Aliyeanza kupiga makofi ni Lazaro mwenyewe, baba yake Jovin, uliyemwalika wewe, ambaye hajawahi kukaa kwenye mkusanyiko wa kijiji hiki tangu ahamie. Alikuwa amesimama pembeni kwenye mibuni, hakutaka kiti. Alipiga makofi huku ananitazama, na wengine wakafuata.

Sikulichimba kaburi lile.

Sasa nimeandika, acha nieleze yote.

Lazaro alihamia hapa kutoka upande wa Kyerwa kabla wewe hujazaliwa. Alinunua kibanja kile cha bondeni, akapanda migomba na mibuni kama sisi sote, lakini yeye mwenyewe hakuwa kama sisi sote. Akikutana na mtu njiani anainua kofia na kupita. Pombe yetu ya rubisi hanywi. Kanisani haendi, ingawa mkewe alikuwa Mlutheri wa kila Jumapili. Anaongea na ng'ombe wake, na ukipita jirani na zizi utamsikia akimsimulia habari ndefu, lakini ukibisha hodi anaishia kwenye "karibu." Watu wakasema anaringa. Wengine wakasema mabaya zaidi, ambayo sitayaandika kwa kuwa hata wakati ule hakuna aliyeyaamini, ila yalikuwa matamu kuyasema.

Kitu kilichotukera zaidi ni misiba. Uliondoka mapema kwenda shule ya bweni, hujawahi kukijua chama chetu cha kuzikana kwa ndani. Habari ya kifo ikitoka, majembe yanalala kijiji kizima. Hakuna wa kulima wala kupalilia mpaka marehemu azikwe. Kila nyumba inapeleka ndizi, kuni na maji, na kila mwanaume anakwenda mwenyewe na jembe lake kuchimba kaburi, kisha anakaa na wafiwa. Kutuma vitu hakutoshi, lazima wewe mwenyewe uonekane. Asiyeonekana misiba mitatu bila udhuru, chama hakimziki mtu wake. Mimi nilikuwa katibu, nikiliweka daftari la mahudhurio, na nikijivunia mwandiko wangu.

Lazaro hakuonekana hata mara moja. Mkewe alikuja kila msiba na mzigo wake kichwani, mara nyingi mkubwa kuliko ya wenzake. Yeye hapana. Kwa miaka mingi niliandika "hayupo" mbele ya jina lake, na tuliacha ipite kwa sababu mkewe alipendwa.

Halafu bibi yako, mama yangu, akafariki. Ulikuwa darasa la tatu, huenda unachokumbuka zaidi ni mvua. Walikuja watu wengi hata migomba ya mbele ya nyumba ikakanyagwa. Nami, katikati ya wote wale waliokuja kunishika mkono, nilikuwa namtafuta mtu mmoja ambaye hakuja. Nilikaa kwenye majani makavu tuliyotandika uani, nikitazama njia ya bondeni siku tatu. Nilijua haji. Nilimtazamia ili nipate kumkasirikia. Kufiwa kulikuwa kumenizidi nguvu, na hasira ilikuwa rahisi kubeba.

Mwaka uliofuata Jovin akashikwa na homa, akafariki alfajiri akiwa bado nyumbani.

Wanaume wanane walifika kwa Lazaro na majembe begani. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu kijiji umekisingizia jana bila kujua. Walikwenda. Hakuna aliyewatuma. Mtoto wa miaka kumi amekufa, nani angekumbuka daftari? Mimi nililikumbuka. Niliwakuta kwenye mlango wa kibanja, nikasimama mbele yao, nikalifungua.

"Hapa hakuna wa kutia jembe," nikasema. "Kanuni mnaijua."

Mzee Byabato akaniambia, "Katibu, huyu ni mtoto. Mtoto ana kosa gani?"

"Na mama yangu alikuwa na kosa gani?"

Hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba sizungumzii kanuni. Wangeweza kunisukuma wakapita, nami ningewashukuru mpaka leo. Lakini nilikuwa nimefiwa mwaka mmoja tu, na mtu aliyefiwa hapingwi, ni heshima yetu. Wakashusha majembe.

Lazaro akatoka ndani. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayejaribu kukumbuka majina. Kisha akanitazama mimi, akasema, "Sawa, katibu." Akachukua jembe lake ukutani akaenda nyuma ya nyumba.

Ninalokuandikia sasa ndilo linaloniamsha usingizini. Hatukuweza kuondoka. Kijiji kilikuwa na maiti, na kwenye kijiji chenye maiti mtu haendi shambani kwake, ni mwiko, nasi tulikuwa watu wa kushika miiko. Wala hatukuweza kuingia, kwa sababu yangu. Basi wanaume tisa wenye nguvu tukakaa ukingoni mwa barabara, majembe yamelala miguuni, tukisikiliza jembe moja likichimba. Tangu asubuhi. Lilikuwa likigonga, linanyamaza, linagonga tena. Kila liliponyamaza tulitazama chini. Wanawake walikuwa wamepita mbele yetu bila kutusalimu, wakaingia kukaa na mama yake Jovin. Mama yako alikuwa miongoni mwao. Aliponipita alisema neno moja tu, "Mwanaume!" na hakulisema kwa sifa.

Nilifikiri nini saa zote zile? Ningependa kukuambia nilijuta. Nilijiona mwenye haki, Kemilembe. Asubuhi ile nilikuwa nimesali. Nilijiambia kwamba nalinda kitu chetu, kwamba tukimwachia huyu, kesho kila mtu atafanya apendavyo na maiti zetu zitaoza ndani. Maneno yale yalikuwa na akili. Hata leo nikiyasema mbele ya wakubwa wa chama, wapo watakaotikisa kichwa kukubali.

Alasiri mvua ikaanza kunyesha, na tukasikia kwamba mchungaji wa mkewe yuko njiani kuja kuzika. Ndipo nilipoinuka. Si huruma iliyoniinua. Niliogopa mgeni mwenye kola angetukuta tumekaa pale. Nikaingia na jembe langu. Kaburi lilikuwa limekwisha. Lazaro alikuwa chini, maji ya mvua yanamfika kwenye vifundo, anasawazisha kuta kwa mikono. Hakuwa na namna ya kutoka kwa sababu aliyechimba peke yake hana wa kumvuta. Nikampa mkono.

Alikaa kidogo kabla ya kuupokea. Kiganja chake kilikuwa kimechubuka chote, kinateleza, na nilipokuwa namvuta nikasikia mwili wake unatetemeka vilevile ulivyotetemeka wangu tulipomshusha mama yangu. Vilevile kabisa. Wakati wote ule nilikuwa nikidhani mtu asiyelia pamoja nasi halii. Alitoka, akanishukia kifuani kwa uzito wake wote, tukaanguka wote wawili kwenye udongo. Kisha akasimama akaenda kumwosha mwanawe miguu.

Nilirudi nyumbani nimejaa tope hadi kwenye nywele. Ulinikuta kwenye njia ya migombani. Ulikuwa umevaa sare ya shule ingawa hamkwenda shule siku ile, macho yamevimba. Ukaniuliza, "Baba, umemchimbia Jovin?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Basi. Hilo ndilo neno. Jioni ile ulinichemshia maji, ukaniosha miguu kwa mikono yako midogo, na sikukuzuia. Mama yako alisimama mlangoni akitutazama. Hakulala chumba kimoja nami kwa muda mrefu baada ya hapo, wewe ulidhani ni kwa sababu ya bibi yako mzaa mama aliyekuja kukaa kwetu akiwa mgonjwa. Kama hajakuambia kitu miaka kumi na minne, jua hakunyamaza kwa ajili yangu. Hakutaka umpoteze rafiki na baba siku moja.

Ningependa kukuandikia kwamba nilibadilika, nikakisimamisha chama nikasema yote. Niliendelea na ukatibu miaka minne, kisha nikauacha kwa kisingizio cha macho. Daftari analo mtu mwingine na kanuni ni ileile. Mama yake Jovin alirudi kwao Nkwenda, hakuweza kuishi mahali ambapo kila akienda kisimani anakutana na mmoja wa wanaume tisa. Lazaro alibaki. Mpaka leo haendi kwenye misiba.

Najua utakachouliza, maana ni nilichouliza mimi: kwa nini haendi? Nimelitafuta jibu hilo miaka yote. Kuna anayesema alizika ndugu wengi kwa pamoja huko alikotoka. Kuna anayesema ni mtu wa kuogopa watu tu, amezaliwa hivyo. Niliwahi kusafiri mpaka Nkwenda nikitafuta mtu wa kuniambia, nikaambulia kunyeshewa. Nilitaka sababu kubwa, ya kusikitisha, ambayo ningeipeleka kwenye chama niseme: mnaona, kumbe alikuwa na udhuru! Nilikuwa njiani kurudi nilipotambua kwamba bado nashika daftari. Bado nilitaka kwanza aeleze, afanane nasi kidogo, ndipo mwanawe astahili kuchimbiwa. Na kama hana sababu? Kama ni yeye tu, anayependa ng'ombe wake kuliko kelele zetu? Mtoto alikuwa amekufa. Hilo lilikuwa linatosha.

Mimi sili senene, unajua. Msimu ukifika kijiji kizima kinakaanga, kinatafuna, kinanicheka. Shangazi yako husema niliokotwa. Nimekuwa kichekesho cha ukoo tangu utoto, na hakuna siku hata moja mtu alisema nisizikwe. Ukaidi wangu walinipa kama zawadi. Wa Lazaro nilimwandikia kosa. Tofauti ilikuwa nini, zaidi ya kwamba mimi nilizaliwa hapa?

Leo asubuhi nilikwenda kwake. Nilimkuta zizini. Akanyamaza kuongea na ng'ombe, akainua kofia.

"Karibu, waitu." Aliniita mtu wetu.

"Lazaro, nimekuja kwa ajili ya maneno ya mtoto jana."

"Ameongea vizuri. Amekua."

"Hayakuwa kweli."

"Najua. Nilikuwepo."

Nikamwambia nitakueleza ukweli kabla hujaondoka. Akawa anamkuna ng'ombe shingoni muda mrefu, nikadhani ameshanisahau. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

"Umweleze ili iweje? Mtoto anakwenda mbali. Ni kitu gani utampa badala yake? Mwache aende na baba mzuri. Wangu alikwenda bila kitu."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, Kemilembe, kwenye samadi, na goti halikuuma. Akasema ng'ombe hajanywa maji, akamfungua, akaondoka naye kuelekea kisimani. Hakuniambia amenisamehe. Ukisikia mtu anasema tumepatana, si kweli.

Kwa hiyo barua hii naiandika kinyume cha matakwa yake. Yeye aliyenyimwa mikono ya wanaume tisa, wa tisa akiwa mimi, alitaka kunisitiri mbele ya mwanangu. Nimekaa na wema ule tangu asubuhi na sijui pa kuuweka. Ningeupokea kama ungekuwa unakwenda kulima au kuuza duka. Lakini unakwenda kusimama mbele ya watu walio uchi, wanaoumwa, wanaonuka, wasiosalimia unavyosalimia wewe, na umesema utaikumbuka siku ile. Sitaki ukumbuke siku ambayo haikuwepo. Ukiamini kwamba wanaomfungia mtu mlango ni watu wabaya, hutajitambua siku utakapokuwa wewe uliyesimama mlangoni na daftari. Itakuwa siku umechoka. Atakuwa mtu amekuudhi, mwenye ukaidi wake, na kanuni itakuwa upande wako, na utakuwa umesali. Aliyefanya vile ni mtu aliyekushika mkono kukufundisha kuandika. Ndiye huyuhuyu. Siwezi kukupa baba wawili, mmoja wa kupenda na mmoja wa kulaumu.

Na huko Masasi, mwanangu, mgeni utakuwa wewe. Watakuona unavyotafuna ndizi badala ya ugali, unavyopiga magoti kusalimia, unavyonyamaza ukikasirika kama mama yako. Wapo watakaosema unaringa. Naomba kwa Mungu umpate mtu mmoja asiyehitaji maelezo yako. Sina haki ya kuliomba hilo, ila naliomba.

Mtu uliyemsifu jana yupo, Kemilembe. Hukukosea kwamba siku ile kulikuwa na mtu mmoja aliyeingia kuchimba peke yake wakati wengine tumekaa. Ulikosea jina tu, na jina hilo nilikupa mimi.

Nasikia sauti zenu barabarani, mnarudi, unacheka, nadhani kwa kitu alichosema shangazi yako huko Kihanga. Nilifikiria kukupa barua hii kupitia dirisha la basi, uisome ukiwa umeshavuka Biharamulo, mahali ambapo huwezi kunitazama. Ungekuwa uoga wangu wa pili. Nitaiweka juu ya begi lako alfajiri, kabla ya chai, na nitakaa kwenye benchi la mbele. Uisome yote. Ukiona unaweza, toka, nitalibeba begi tushuke wote mpaka stendi, wala hutalazimika kuniambia kitu njiani. Ukiona huwezi, pita mlango wa jikoni, mama yako atakusindikiza. Nitausikia ukifunguka. Sitageuka kutazama, na sitakudai salamu.

Mimi niliyekuzaa na kukudanganya,

Baba yako